Aliyepona meninjiti Bengamisa, nani atampima masikio?

Tarehe 8 Septemba 2021, serikali ya Kongo ilitangaza mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, yaani meninjiti, katika eneo la Banalia, jimbo la Tshopo. Wakati huo walihesabiwa wagonjwa 261 walioshukiwa, na 129 kati yao walikuwa wamekwisha kufa. Vifo vilihesabiwa. Je, masikio ya waliopona?

Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema mtu mmoja kati ya watano wanaopona ugonjwa huo hubaki na ulemavu wa muda mrefu. Kutosikia ni mmojawapo. Mtoto akipoteza masikio kabla ya kujua kusema, anakosa na lugha. Shuleni anaitwa mkaidi, nyumbani anaitwa bubu.

Bengamisa iko katika eneo hilo la Banalia, kilomita 50 hivi toka Kisangani kwa barabara ya Buta. Mzazi wa huko anahitaji mtaalamu wa kupima usikivu na kumfundisha mtoto kuwasiliana. Wataalamu hao ni adimu: ripoti ya OMS ya 2021 inaonyesha kwamba 93% ya nchi maskini hazina hata mpimaji usikivu mmoja kwa kila watu milioni moja.

Wengine watasema tutume vijana wakasome Ulaya. Lakini kipimo kilichotengenezwa kwa Kifaransa hakitoshi hapa. Katika Kilokele, lugha ya mto kando ya Kisangani, neno «lisaka» laweza kuwa dimbwi, ahadi au sumu. Toni ndiyo inayotofautisha. Mtaalamu asiyejua toni atampimaje mtoto wa Tshopo?

Ndiyo maana masomo haya yanafaa kukaa Kisangani. UNIKIS ina kitivo cha utabibu, cha saikolojia na elimu, na cha fasihi. Vitivo hivyo vitatu viungane kwa shahada ya masteri, vipokee wauguzi na walimu wenye uzoefu, na vipeleke wanafunzi kufanya stashi Bengamisa na Banalia. Makerere, nchini Uganda, ilianza kufundisha wataalamu wa usemi mwaka 2008. Jambo hili linawezekana kwa jirani.

Serikali nayo iwape wahitimu namba ya kazi na mshahara. Bila hivyo diploma zitabaki mjini, na mtoto wa Bengamisa ataendelea kuitwa mkaidi.