Rushwa ya ngono: Ushauri nasaha pekee hauwezi kuziba pengo la haki

NOVEMBA 2018, Rais John Magufuli alipokwenda Mlimani kuzindua maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mhadhiri wa chuo hicho, Dk. Vicensia Shule, aliandika katika mtandao wa Twitter kwamba rushwa ya ngono imekithiri chuoni hapo. Uongozi wa chuo ulimtaka ajieleze. Baadaye, Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU) ilifanya utafiti katika chuo hicho na Chuo Kikuu cha Dodoma, na ripoti yake ya mwaka 2020 ikaonyesha kuwa tatizo lipo.

Ikiwa mhadhiri mwenye shahada ya uzamivu aliitwa kujieleza kwa kulisema jambo hili hadharani, ni rahisi kukisia binti wa mwaka wa kwanza, aliyetoka kijijini na kutegemea fedha za Bodi ya Mikopo, anapiga hesabu gani kabla ya kufungua mdomo wake.

Sheria yenyewe haina upungufu wa maneno. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamtia hatiani mwenye mamlaka yeyote anayedai ngono kama sharti la kutoa ajira, kupandisha cheo, au kumpatia mtu haki au upendeleo. Adhabu yake ni faini isiyozidi Sh5 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitano, au vyote kwa pamoja. Kwa hiyo, mhadhiri na meneja wa ofisi wanasimama mbele ya kifungu kimoja.

Ugumu unaanza katika ushahidi. Kosa hili hufanyika faraghani, bila risiti wala shahidi, ndiyo maana njia inayotumika mara nyingi ni mtego. Mlalamikaji huombwa akubali miadi, aende nyumba ya wageni, aingie chumbani na mtu anayemwogopa kuliko wote, kisha asubiri maofisa wabishe hodi. Huo ndio mlango wa haki tunaomfungulia mtu ambaye tayari halali usingizi. Wapo wanaoumudu. Wengi hawaumudu, na hatuna sababu ya kuwalaumu.

Mwaka 2024, pendekezo la kumwadhibu pia yule anayemshawishi mwenye mamlaka kwa ngono lilipofikishwa bungeni, watetezi wa haki za wanawake walilipinga wakisema litawaziba midomo waathirika. Hoja yao ilikuwa na uzito. Katika kosa lisilo na shahidi, neno la mkubwa kwamba yeye ndiye aliyeshawishiwa lingetosha kumgeuza mlalamikaji kuwa mshitakiwa.

Lakini madhara makubwa zaidi hutokea kabla shauri halijafika popote. Mtu aliyewekewa sharti la namna hii huanza kukwepa mahali anapokutana na mwenye kumtaka. Mwanafunzi haingii darasani na hapeleki kazi yake ofisini kwa mhadhiri. Akili yake haishiki anachosoma, na usiku anakesha akijiuliza alikosea wapi hata akatakwa yeye. Mwisho wa muhula, daftari la mahudhurio linasema ni mtoro na alama za mazoezi zinasema ni dhaifu. Siku akijitokeza kulalamika, dalili za kuumia kwake ndizo zinazosomwa mbele ya kamati kama ushahidi kwamba anatafuta kisingizio cha kufeli.

Katika miaka ya karibuni serikali imehimiza vyuo kuanzisha madawati ya jinsia, na vyuo vingi vina ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Ni hatua njema. Hata hivyo, mshauri nasaha anaweza kumsikiliza binti huyu Jumatatu na Jumatano, ilhali Ijumaa karatasi yake inarudi mikononi mwa mtu yule yule. Hakuna ushauri unaoweza kutuliza hofu ambayo chanzo chake bado kina kalamu nyekundu mkononi. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo vyuo vyetu vimejidanganya: vimeligawa jambo moja mafungu mawili, afya ya akili ikapelekwa kwa mshauri na haki ya alama ikabaki idarani.

Tuangalie jinsi alama zinavyopatikana. Mtihani wa mwisho una ulinzi kiasi, kwa kuwa kwa kawaida mwanafunzi huandika namba badala ya jina, na watahini wa nje hupitia sampuli ya karatasi. Mianya ipo katika mazoezi na majaribio ya muhula, ambayo husahihishwa na mhadhiri mmoja anayewajua wanafunzi wake kwa majina na sura. Hali ni mbaya zaidi kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Tasnifu iko chini ya msimamizi ambaye anaweza kuikalia sura moja miezi sita bila kuulizwa, na kuomba kubadilishiwa msimamizi ni sawa na kutangaza vita katika idara yenye watu kumi.

Msahihishaji wa pili kwa kazi za muhula, na haki ya kuhamishwa msimamizi bila kulazimika kueleza sababu mbele ya wenzake, vingepunguza hofu hiyo kuliko mabango yote yaliyobandikwa kwenye korido. Vingemlinda pia mhadhiri mwadilifu dhidi ya tuhuma za kubambikiwa, maana nazo zipo.

Maofisini hali haina nafuu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inautambua unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa aina ya ubaguzi. Lakini sheria hiyo hiyo inamnyima kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri wake. Huo ndio wakati mkubwa wa ofisi anapokuwa na nguvu zote juu ya msichana anayesubiri kuthibitishwa kazini. Aliyekwisha kutimiza muda huo naye, akifukuzwa, ana siku 30 tu za kufikisha shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa mtu aliyeumizwa, siku 30 zinaweza kupita kabla hajapata nguvu ya kumsimulia hata dada yake.

Majirani zetu Uganda wametuonyesha kwamba kuwa na sera si kuwa na ulinzi. Chuo Kikuu cha Makerere kilipitisha sera dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia mwaka 2006. Miaka 12 baadaye, 2018, chuo hicho kililazimika kuunda kamati chini ya Profesa Sylvia Tamale kuchunguza tatizo lile lile, ikabaini kuwa limeenea na kwamba sera ilikuwa haitekelezwi ipasavyo.

Kwa vyuo vyetu, jambo la kwanza kuulizwa mabaraza ya vyuo linapaswa kuwa hili: mwanafunzi akilalamika leo asubuhi, karatasi yake ya kesho itasahihishwa na nani?