Paneli mpya, breka za zamani: hatari kwenye sola za vijijini

BEI ya paneli za sola imeshuka kiasi kwamba mkulima au mwenye duka aliyefunga mtambo wake kwa shida mwaka 2006, leo anaweza kuongeza paneli mbili tatu kwa mauzo ya msimu mmoja. Mwaka 2008 wati moja iliuzwa kwenye soko la dunia kwa zaidi ya dola 3 za Marekani. Mwaka 2024 ilikuwa chini ya senti 20 kiwandani. Hilo ni jambo jema. Lakini wengi wanaobadili paneli hawakigusi kisanduku cha ukutani chenye breka, na hapo ndipo tatizo lilipo.

Sola nyingi zilizofungwa Tanzania na Kenya miaka ile zilikuwa za volti 12: paneli ya seli 36, betri ya asidi, taa chache, redio na pengine biashara ya kuchaji simu. Paneli ya aina hiyo, hata isipobebeshwa mzigo wowote, hutoa kama volti 22 tu. Mafundi wengi walifunga breka ile ile ya umeme wa gridi, iliyoandikwa volti 230 au 400, au fyuzi ya gari. Ikafanya kazi miaka mingi bila matatizo, na mwenye mali akaamini kuwa kifaa kinachohimili volti 230 hakiwezi kushindwa na sola.

Hesabu hiyo si sahihi. Zile volti 230 ni za mkondo geu, yaani AC. Umeme wa gridi hugeuka na kupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, hivyo breka inapokata, cheche iliyoruka ndani yake hupata nafasi ya kuzimika. Umeme wa paneli na betri ni mkondo mnyoofu, DC, na haupiti kwenye sifuri. Cheche yake inaweza kuendelea kuwaka kama ya mashine ya kuchomelea mpaka plastiki iyeyuke. Breka ya AC ya kampuni makini mara nyingi huruhusiwa kama volti 60 tu za DC kwa kila ncha. Fyuzi ya kawaida ya gari volti 32. Kwa paneli ya volti 22 zilitosha.

Paneli kubwa za siku hizi ni kitu kingine. Moja tu inaweza kutoa volti 49 ikiwa haina mzigo. Ukiunganisha mbili kwa kufuatana unapata 98, tatu 147. Fundi atakuambia usiwe na wasiwasi, kontrola na breka ni za volti 150. Anasahau baridi. Volti za kwenye lebo hupimwa paneli ikiwa na nyuzi joto 25, na kila nyuzi moja inayopungua huongeza karibu asilimia 0.3. Kwa mkulima wa viazi wa Makete, asubuhi ya Julai yenye nyuzi 5, zile 147 huwa karibu 156.

Upande wa betri nako jina hudanganya. Betri za volti 48 zinapochajiwa hufika karibu 58, na za asidi zikisawazishwa hupita 60. Isitoshe, zikipigwa shoti hutoa maelfu ya ampea kwa mara moja.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba breka ya paneli mara nyingi haijikati yenyewe, kwa sababu paneli hata ikipigwa shoti hutoa mkondo uliozidi kidogo tu ule wa kawaida. Anayeikata ni mtu, kwa mkono, tena saa sita mchana jua likiwa kali anapotaka kurekebisha waya. Cheche hutokea kidole chake kikiwa pale pale.

Kwa hiyo soma ubavu wa breka. Alama ya wimbi ni AC. Neno DC, au mstari ulionyooka wenye vidoti chini yake, ndilo la sola, na volti zilizoandikwa hapo zizidi zile za asubuhi ya baridi. Breka nyingine za DC zina alama za chanya na hasi. Zikifungwa kinyume hushindwa kuzima cheche hata kama volti zinatosha. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha alama hizo, achana naye, maana breka halali ya DC ni bei ndogo ukilinganisha na betri moja.

Kenya ilitunga kanuni za mafundi wa sola mwaka 2012, na hapa Tanzania Ewura hutoa leseni za mafundi umeme. Mwenye duka la pembejeo na akiba yake yote ndani ana haki ya kuuliza leseni hiyo kabla ya kulipa. Wakati unasubiri breka sahihi, usiikate ya zamani juani: funika paneli kwa turubai zito, au subiri giza liingie.