TAHARIRI: Pamba yetu, shuka lao

Ndugu msomaji, wewe uliyepanga chumba kimoja Manzese au Mbagala, leo ukirudi geto shika pazia la dirishani. Kisha shika shuka. Mara nyingi utakuta ni polista, uzi unaotokana na mafuta ya petroli, uliopanda meli kutoka Asia hadi Kariakoo. Ndiyo maana usiku wa joto unalowa jasho na shuka halinyonyi hata tone!

Sasa sikia. Wilayani Meatu, mkoani Simiyu, tangu mwaka 1994 wapo wakulima wa pamba ya kilimo hai katika mradi wa bioRe, wenye wanunuzi wa Uswisi. Hawapulizi sumu za viwandani wala hawaweki mbolea ya chumvichumvi. Hutumia samadi, hubadilisha mazao shambani na hupanda alizeti kati ya pamba ili wadudu wavutwe huko. Ulaya, shuka la pamba ya aina hiyo ni la wenye nazo.

Na sisi je? Sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya nchi hii, iwe ya kilimo hai au ya kawaida, hufungwa marobota na kuuzwa nje kabla haijasokotwa. Wapishi sisi, walaji wengine.

Asikudanganye kigogo yeyote kwamba kazi hiyo hatuiwezi. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968. Mwanza kulikuwa na Mwatex, Musoma Mutex. Ikaja mitambo chakavu, madeni, mgawo wa umeme na soko huria lililofungulia mlango mitumba. Miaka ya 1990 viwanda vikachechemea, vingine vikafunga. Waliorudi nyumbani mikono mitupu ni baba zako.

Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuachana na mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya soko lake la AGOA. Kenya, Uganda na Tanzania zikanywea. Rwanda peke yake ikakaza, na mwaka 2018 ikaadhibiwa.

Piga hesabu mwenyewe. Shuka hupita kuchambuliwa, kusokotwa, kufumwa, kutiwa rangi na kushonwa. Kwa kila robota linalopanda meli, sisi tumebaki na hatua ya kwanza tu. Hizo nne zilizobaki ndizo ajira unazozitafuta na bahasha kwapani!

Lakini hatutaki kiwanda ilimradi kiwanda. Mto Msimbazi umechafuliwa vya kutosha na maji ya viwanda. Pamba iliyolimwa bila sumu, kisha ikatiwa rangi ambayo sumu yake inamwagwa kwenye mto wa walalahoi, si pamba safi. Ni danganya toto.

Kwa hiyo mgombea akija mtaani kwako na fulana na kofia, usimuulize fulana ngapi. Muulize: fulana hii imefumwa wapi? Shuka za hospitali na mabweni ya serikali zinanunuliwa kwa nani? Kwa nini zisitokane na pamba ya Simiyu, zikafumwa hapa, kwenye kiwanda kinachosafisha maji yake?

Akikosa jibu, mrudishie fulana yake. Kura baki nayo.