Milango ya gari isiwe siri ya dereva peke yake

Kilembwe, wilaya ya Fizi, jimbo la Kivu ya Kusini. Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaonunua gari lenye kitanda, jiko na pazia, wanatembea nalo wakati wa likizo na kulala humo. Hapa Kilembwe, katika sekta ya Lulenge, gari la namna hiyo halionekani. Lakini kulala ndani ya gari kunajulikana sana. Mvua ikinyesha na barabara ikigeuka matope, Land Cruiser iliyotoka Baraka au Fizi inakwama, giza linaingia, na abiria wanalala palepale. Akina mama na watoto wanabaki ndani, wanaume wanajikunja chini ya hema au kando ya magurudumu. Kwa familia iliyokimbia vita, gari linaweza kuwa nyumba ya usiku mzima, pengine zaidi.

Tofauti ni kwamba nyumba, kila anayelala ndani anajua namna ya kufungua mlango wake. Gari si hivyo. Lina vitasa vyenye tabia zake, na tabia hizo mara nyingi anazijua dereva na konvoyeri tu. Jambo hilo linapaswa kubadilika. Kabla gari halijaondoka, abiria waonyeshwe milango inavyofunguka kutoka ndani. Na mwenye gari ambalo milango yake haifunguki kutoka ndani, asipakie watu mpaka aitengeneze.

Tuanze na kitu kidogo ambacho wengi hawajawahi kukiona. Kwenye milango ya nyuma ya magari mengi ya Kijapani kuna kijiti kidogo kwenye ukingo wa mlango, karibu na kitasa. Mlango ukifungwa, hakionekani. Kiliwekwa kwa ajili ya watoto, wasifungue mlango gari likiwa mbioni. Kikisogezwa, kishikio cha ndani kinavutwa bure, mlango haufunguki. Lakini kishikio cha nje kinaendelea kufanya kazi. Gari lililotumika kwanza Japani na kuuzwa huku linaweza kufika kijiti hicho kikiwa kimefungwa, na mwenye gari mpya asijue kamwe. Anafikiri kitasa kimekufa.

Aliyefungiwa hivyo hana haja ya kuvunja kitu. Ateremshe au asukume kioo, apitishe mkono nje, avute kishikio cha nje. Kama kioo ni cha umeme na gari limezimwa, apite katikati ya viti, atokee mlango wa mbele, kwani milango ya mbele kwa kawaida haina kijiti hicho. Na kama hawezi, apige honi. Kwenye magari mengi honi inalia hata kama funguo haupo. Mtoto wa miaka minne anaweza kufundishwa hilo, na linaweza kumwokoa. Gari lililofungwa juani linapata joto kali kwa muda mfupi, hata kama kioo kimeachwa wazi kidogo, na mwili wa mtoto unapanda joto haraka kuliko wa mtu mzima.

Hiace ina mambo yake. Kongo, sawa na Burundi na Rwanda, magari yanapita upande wa kuume. Japani, sawa na Tanzania, Uganda na Zambia, yanapita upande wa kushoto. Ndiyo maana Hiace nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya Japani zina mlango wa kusukuma upande wa kushoto, ambako kule ni pembeni mwa barabara. Huku, upande huo ni katikati ya barabara, mahali pikipiki zinapopita kwa kasi. Abiria anayeshuka hapo bila kuangalia nyuma anashukia hatarini. Tena mlango huo lazima usukumwe mpaka mwisho, hadi usikike ukishika. Ukiachwa nusu njia na gari liko kwenye mteremko, unarudi wenyewe kwa uzito wake wote, na vidole vya mtoto viko pale.

Toyota Noah nayo ina siri nzuri ambayo wengi hawaitumii. Mito ya kichwa ikitolewa, viti vinaweza kulazwa mpaka vikutane na kuwa kama kitanda. Mama aliyejifungua karibuni, au mgonjwa anayesubiri barabara ifunguke, angelala vizuri zaidi kama dereva angelikumbuka hilo.

Lakini gari linalostahili kuangaliwa zaidi ni Land Cruiser ndefu, ile yenye milango miwili mbele na miwili nyuma, ambayo inatumiwa hata kama ambulansi. Watu wa nyuma wanakaa kwenye mabenchi wakitazamana, na njia yao ya kawaida ya kutoka ni milango ya nyuma. Mlango mmoja unafunguka kwanza. Wa pili unashikiliwa na kishikio kilichofichwa kwenye ukingo wake, kinachoonekana tu baada ya ule wa kwanza kufunguka. Asiyejua anasukuma bure, anafikiri umekwama, na watu wote wanabanana kwenye nafasi nusu. Na ikiwa mifuko ya mihogo, madumu ya mafuta na magodoro vimepangwa mpaka vimeziba milango hiyo, basi watu wa nyuma hawana mlango kabisa.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Anayekaa mbele ni dereva, na pembeni yake mwenye feza au mwenye cheo. Hao wanajua gari na wako karibu na mlango. Anayekaa nyuma kabisa ni mama aliyekimbia na watoto watatu, ambaye pengine hajawahi kupanda gari la namna hiyo. Anayejua kidogo kuliko wote amewekwa mbali na mlango kuliko wote. Gari likipinduka, likishika moto, au watu wenye silaha wakitokea barabarani, hakuna atakayekuwa na nafasi ya kumweleza.

Madereva watajibu kwamba kuna wezi, na si uongo. Wengine wanatia kufuli nje ya milango ya nyuma, wengine wanafunga kwa waya, kwa sababu mzigo umeibiwa mara nyingi gari likipanda mlima polepole. Hofu hiyo ina haki yake. Hata hivyo, kitasa kizima cha gari kinaweza kumzuia mtu wa nje na bado kikamfungulia mtu wa ndani. Kufuli ya nje inawafungia wote. Mwizi anayo dawa nyingine: konvoyeri akae nyuma, mzigo ufungwe kwa kamba. Mtu aliyefungiwa ndani ya gari linaloungua hana dawa nyingine. Kama mzigo unahitaji kufuli, basi gari hilo libebe mzigo, lisibebe watu.

Maji nayo yanataka akili hiyohiyo. Kabla ya kuingia mtoni mahali pasipo daraja, vioo vya pembeni vifunguliwe na vitasa viachiliwe, si baada ya gari kuanza kusombwa. Ikilazimu kuvunja kioo, kipigwe cha pembeni, kwenye kona, kwa chuma chenye ncha. Kioo kikubwa cha mbele kina utando katikati yake. Kinapasuka lakini hakianguki.

Kuna pia kufungwa ambako abiria anatamani kungefanyika. Kwenye Land Cruiser nyingi za zamani, katikati ya kila gurudumu la mbele kuna kifuniko kinachozungushwa kwa mkono, chenye maneno mawili: FREE, yaani gurudumu liko huru, na LOCK, yaani limefungwa. Dereva akivuta wenzo wa magurudumu manne bila kushuka kuzungusha vifuniko vyote viwili, magurudumu ya mbele hayavuti kitu. Gari linanguruma, mazutu yanaisha, abiria wanasukuma wakijaa matope, na mwishowe wanalala njiani. Safari nyingine, kuzungusha vifuniko viwili kungetosha kuwafikisha watoto nyumbani.

Na wale wanaolala njiani wakumbuke moshi. Baridi ya milimani inawashawishi watu kuingiza mbabula yenye makaa ndani ya gari na kufunga vioo, au kuacha mashine ikiwaka usiku kucha. Makaa na mashine vinatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu haamki kukohoa. Analala moja kwa moja. Mbabula ibaki nje, mashine izimwe, na kioo kiachwe wazi kidogo hata kama baridi inauma. Blanketi la ziada ni bei ndogo.

Nani afanye nini? Mwenye gari apeleke milango kwa fundi kabla ya kupaka rangi na kuandika jina kioo cha mbele. ACCO, chama cha madereva wa Kongo, kiifanye desturi kwenye kila parkingi, na polisi wa barabarani wanaokagua hati wavute pia vishikio vya ndani, kwani hati haifungui mlango. Kamati za wahami wa vita zinazojaza watu kwenye magari zisiruhusu gari kuondoka kabla mambo manne hayajasemwa kwa sauti na kwa lugha ambayo abiria wanaielewa, iwe Kiswahili au Kibembe:

Mlango huu unafunguka hivi kutoka ndani.
Kioo hiki kinafunguka hivi.
Honi iko hapa.
Usiku, funguo unakaa mahali hapa, na kila mtu apajue.

Ni kazi ya dakika mbili, na haigharimu hata franga moja. Lakini abiria naye asingoje. Kabla ya kupandisha mtoto, aulize: "Papa shofere, mlango huu unafunguka namna gani kwa ndani?" Swali hilo si matusi. Dereva anayejua gari lake atajibu kwa furaha. Na yule anayekasirika, pengine ni kwa sababu mlango wake haufunguki. Huyo ni heri kumwacha aende, na kungoja gari lingine.