KIA: mkataba umeisha, visingizio navyo viishe

Wadau, ukitoka Moshi kwa basi kwenda Arusha, kuna mahali njiani unaona kibao kinaelekeza kushoto: KIA. Wengi wetu tunakipita tu, maana tiketi ya ndege si saizi yetu. Lakini uwanja ule umejengwa kwa deni la nchi, umekaa juu ya ardhi ya nchi, na umegombaniwa mpaka bungeni. Kwa hiyo unatuhusu hata kama hatujawahi kupanda hata ngazi ya ndege. Hebu tuuangalie taratibu.

Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro ulifunguliwa mwezi Desemba 1971, enzi za Mwalimu, kwa mkopo kutoka Italia. Hesabu ya wakati ule ilikuwa nyepesi kueleweka. Mlima Kilimanjaro uko kwetu, Serengeti iko kwetu, Ngorongoro iko kwetu, lakini mtalii alikuwa anatua Nairobi, analala Nairobi, anakula Nairobi, halafu ndiyo anavuka Namanga kuja kuangalia wanyama. Tukajenga uwanja ili atue hapa hapa. Tena Arusha ilikuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, wakubwa walihitaji pa kutua.

Na hatukujenga kiduchu. Njia ya kurukia ndege ina urefu wa mita 3,600 hivi, inabeba ndege kubwa kabisa. Rais Clinton alipokuja Arusha Agosti 2000 kwenye mazungumzo ya amani ya Burundi, ndege yake ilitua KIA.

Wanaodhani urefu wa njia ni mbwembwe wakumbuke Desemba 2013. Boeing 767 ya Ethiopian iliyokuwa inakwenda KIA ilijikuta imetua uwanja mdogo wa Arusha, pale Kisongo, ambao wakati ule njia yake ilikuwa kama mita 1,600 tu. Ndege ikaishia kwenye nyasi. Bahati nzuri hakuna aliyekufa, lakini watu walijionea kwa macho tofauti ya uwanja na uwanja.

Sasa, tatizo la KIA halikuwa lami. 1977 Jumuiya ilivunjika na mpaka na Kenya ukafungwa mpaka 1983. Uwanja uliojengwa kwa ajili ya ukanda mzima ukabaki na nusu ya kazi yake. Ndege chache, matengenezo madogo madogo, serikali haina hela. Ndiyo likaja wimbi la ubinafsishaji.

1998 KIA ikakabidhiwa kampuni inayoitwa KADCO kwa mkataba wa miaka 25. Tazameni hisa zilivyogawanywa: Mott MacDonald ya Uingereza asilimia 41.4, mfuko wa miundombinu wa Afrika Kusini asilimia 30, serikali yetu asilimia 24, na Inter Consult asilimia 4.6. Yaani mwenye nyumba alibaki na chini ya robo!

Baadaye serikali ikanunua hisa za wabia wote, KADCO ikawa mali yake asilimia 100. Mngedhani hapo mambo yamekwisha, KIA inarudi Mamlaka ya Viwanja vya Ndege (TAA) kama viwanja vingine. Wapi! KADCO ikaendelea kuendesha uwanja kwa mkataba ule ule kwa zaidi ya miaka 10. Serikali ina kampuni, kampuni ina mkataba na serikali, na uwanja ni wa serikali. Ripoti ya CAG ikalipigia kelele jambo hili, na Bunge la Novemba 2022 likachachamaa. Hatimaye 2023, miaka 25 ikiwa inatimia, KIA ikakabidhiwa TAA.

Watu walishangilia. Mimi nasema sawa, ila tusichanganye mambo mawili. Kujua nani ana funguo ni jambo moja. Kujua uwanja unafanya kazi gani ni jambo lingine. Na tuwe wakweli, wakati wa KADCO hawakukaa bure: kati ya 2015 na 2017 jengo la abiria lilikarabatiwa kwa msaada wa Uholanzi, uwezo ukatoka abiria 500,000 kwa mwaka mpaka milioni 1.2. KLM, Ethiopian na Qatar zimekuwa zikitua pale. Kwa hiyo anayesema mgeni aliharibu kila kitu anatudanganya, na anayesema TAA peke yake ni dawa naye anatudanganya.

Chukua mizigo. Mashamba ya maua na mboga yako Arusha na Kilimanjaro, karibu kabisa na KIA. Lakini kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mzigo huo imekuwa ikipandishwa malori, inavuka Namanga, inakwenda kupakiwa ndege Nairobi. Kwa nini? Sababu ziko wazi. Ndege ya mizigo haiji kuchukua tani chache, inataka ijae, tena ikiwezekana ije na mzigo na iondoke na mzigo. Mkulima naye hawezi kulima kwa ajili ya ndege ambayo hana uhakika nayo, maana ua halisubiri. Kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze. Ongeza mafuta: Nairobi yanafika kwa bomba kutoka Mombasa, KIA yanafika kwa malori. Hapo hata ubadilishe bodi mara kumi, bei haishuki yenyewe.

Halafu kuna majirani, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Eneo la uwanja ni kama kilomita za mraba 110. Ndani na pembeni yake kuna vijiji vya wilaya za Hai na Arumeru, wafugaji na wakulima wenye nyumba, shule na makaburi. Mgogoro wa mipaka umedumu miaka na miaka. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 ukapamba moto tena, serikali ikiwataka watu waondoke, na neno lililotumika ni kifuta jasho, si fidia. Tofauti ya maneno haya mawili si ya kamusi tu. Fidia maana yake ulikuwa na haki. Kifuta jasho maana yake unahurumiwa. Watu waliozaliwa pale, wanaoziona ndege kila siku na hawajawahi kupanda hata moja, walistahili angalau kuelezwa waziwazi eneo lote hilo ni la kazi gani na litaanza kutumika lini.

Kwa hiyo badala ya kuendelea kubishana nani alikula nini 1998, tuipime TAA kwa maswali matatu. Moja, ndege za moja kwa moja kutoka nje zinaongezeka au la? Mbili, maua ya Arusha yanaondokea KIA au bado yanapanda lori? Tatu, mwanakijiji wa jirani amepata nini zaidi ya kelele za injini? Majibu yake yawekwe hadharani kila mwaka, kwa Kiswahili, yasisubiri mpaka CAG aje ayafukue.

Zamani tukiuliza tuliambiwa mkataba, mkataba. Haya, mkataba umeisha.

Nawasilisha.