Kifaduro si Kikohozi cha Kupuuzwa

Wako watu hapa Pemba wasemao, "Kifaduro ni kikohozi cha watoto tu, kitakwisha chenyewe." Neno hilo nalipinga. Mtoto mkubwa hukohoa mfululizo hata pumzi ikamwishia, kisha huvuta hewa kwa mlio, na pengine hutapika. Lakini mtoto mchanga huenda asitoe mlio wowote: midomo hugeuka buluu, na pumzi hukatika. Je, huyo naye angoje kipone chenyewe?

Ugonjwa huu waletwa na kijidudu kilichotambuliwa na Bordet na Gengou mwaka 1906, wala si husuda wala upepo mbaya. Dawa ya hospitali yafaa ianzwe mapema; ikichelewa, humzuia mgonjwa asiambukize wengine, lakini kikohozi hakikatiki upesi. Basi mpelekeni mtoto Chake Chake, Wete au Mkoani pasipo kukawia.

Lililo bora zaidi ni chanjo, mtoto atimizapo majuma 6, 10 na 14. Tena mwenye kikohozi asimpakate mtoto mchanga, hata akiwa bibi yake. Mdharau mwiba mguu huota tende.