Ngoma ya Arusi Uskoti na Mchango Wetu

Si jambo geni siku hizi mwanachama kupokea kadi ya mchango wa arusi kutoka ng'ambo. Vijana wetu wamekwenda Uskoti kwa masomo na kazi kwa miaka mingi. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alisoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh tangu 1949 hata 1952. Baadhi yao huoa au kuolewa huko huko, na kadi hufika mezani pa karani huku, naye hutoa alichojaliwa. Twaona ya kuwa atoaye fedha ana haki ya kuuliza zitatumikaje. Leo twapenda kutoa shauri juu ya sehemu moja tu ya matumizi hayo, yaani ngoma.

Wenyeji wa huko wanayo ngoma iitwayo ceilidh, nao hutamka "keili". Ni neno la Kigaeli, lugha ya kale ya milimani na visiwani, na asili yake ni kutembeleana: majirani walikutana usiku nyumbani kwa mmoja wao, wakasimulia hadithi, wakaimba na kupiga fidla. Siku hizi jina hilo limekuwa hasa la dansi, na arusi nyingi za Waskoti huishia kwa dansi hiyo.

Msomaji asidhani ya kuwa ni dansi ambayo kila mtu hujichezea apendavyo. Kila moja ina jina lake, wimbo wake na hatua zake zilizopangwa. Bendi ya watu watatu au wanne yatosha: akodiani, fidla, ngoma, na pengine piano au gitaa. Pamoja nao yuko mwitaji, ambaye sisi tungemwita manju. Huyu huwapanga watu, huwaonyesha hatua polepole kabla ya muziki, na bendi ikisha kuanza hutaja kila hatua kabla haijafika. Kwa hiyo shangazi aliyewasili juzi kutoka Tabora, asiyejua hata hatua moja, ataingia uwanjani na kucheza.

Hapo ndipo ilipo hoja yetu. Katika arusi ya mataifa mawili, jamaa wa bwana arusi huketi upande mmoja na wa bibi arusi upande wa pili. Wakisha kusalimiana hubaki kutabasamu tu, maana lugha imekwisha. Maua na keki ya ghorofa tano havitawakutanisha. Lakini iko dansi iitwayo Dashing White Sergeant, ambayo watu watatu hushikana mikono wakawakabili watatu wengine. Wakisha kucheza pamoja, kila kundi husonga mbele na kukabili kundi jipya, hata ukumbi wote ukazungukwa. Mwitaji akiagizwa mapema, kila watatu watachanganywa kutoka pande zote mbili, na kabla wimbo haujaisha mjomba wetu atakuwa amekutana uso kwa uso na nusu ya wakwe.

Basi twastaajabu kuona kamati zikianza na mapambo, sare na magari, bendi ikawekwa mkiani mwa orodha. Fedha zikipungua, huletwa kijana mmoja na mashine yake ya kupigia muziki. Mashine haioni. Mstari ukivurugika, bendi yaweza kupunguza mwendo au kurudia wimbo mpaka watu wajipange. Mashine huendelea tu, na wageni hurudi vitini kwa aibu. Ikiwa fedha hazitoshi, na zipunguzwe maua, au hata idadi ya wageni, wala si bendi.

Bendi nzuri hushikwa mapema, pengine mwaka mzima kabla, hasa kwa Jumamosi za miezi ya joto, na kwa siku za 30 Novemba, 31 Desemba na 25 Januari, ambazo Waskoti wote wana sherehe. Mapatano yaandikwe: malipo ya kwanza, saa za kupiga, mapumziko, chakula cha wapigaji, na nani ataleta vipaza sauti. Wapigaji ni watu wa kazi kama sisi. Wamepatana kuanza saa mbili usiku na kumaliza saa sita. Hotuba za wazee wetu zikichukua saa nzima zaidi (nasi twazijua hotuba hizo), saa hiyo imepotea kwa mwenye arusi, si kwa bendi. Ukumbi nao uwe na nafasi, meza zisogezwe, na wanawake waambiwe mapema waje na viatu vya chini. Tena Strip the Willow, ambayo watu huzungushana kwa nguvu mstari mzima, isipigwe mara baada ya chakula.

Wako wazee wachukizwao na wanaume na wanawake kushikana mikono. Hatuwadharau. Dansi hizi hazina sharti ya mwanamume na mwanamke. Wanawake waweza kucheza wenyewe kwa wenyewe, na asiyependa ataketi apige makofi. Neno hili aelezwe mwitaji kabla ya siku yenyewe, asije akamvuta mzee wa watu kwa mkono.

Wengine husema ya kuwa dansi ni upuuzi usiostahili mchango wa mtu mzima. Maofisa wa Divisheni ya 51 ya Uskoti waliotekwa huko Ufaransa mwezi wa Juni 1940 walitunga dansi kifungoni Ujerumani, yenye umbo la msalaba wa Mtakatifu Andrea, nayo yachezwa hata leo. Watu wenye njaa na baridi hawakuiona kuwa upuuzi.

Twawaomba wanachama walio katika kamati za arusi za huko, ambao hukutana kwa simu kila juma, waliweke jambo la bendi na mwitaji mwanzoni mwa orodha ya mkutano ujao, pamoja na bei yake, kabla kadi za mchango hazijachapwa.